Kisukari Kimekwisha Mpanda, Sisimizi Ni Mashahidi

(Hotuba ya Mheshimiwa Ponsian Kasabuku, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Uratibu wa Udhibiti wa Kisukari na Maradhi Sugu ya Figo, aliyoitoa mjini Mpanda, mbele ya ghala la zamani la tumbaku, Jumatano moja ya Agosti 1996, kuanzia saa nne asubuhi. Imenakiliwa na karani wa kamati, Eustace, pamoja na maneno ya wananchi, kama alivyoagizwa.)

Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, kwa niaba ya mgeni rasmi mwenyewe ambaye ameshindwa kufika kutokana na majukumu mazito aliyoyapata jana jioni. Waheshimiwa wajumbe wa kamati kuu, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kuunganisha kamati kuu na kamati ndogo. Baba paroko na masista. Shehe wetu na maimamu. Waheshimiwa makatibu tarafa na watendaji wa kata. Wazee wa Kabungu mliokuja kwa baiskeli, wazee wa Mwese mliokuja kwa miguu, na wazee wa Karema ambao lori lenu halijafika lakini mimi ninawahesabu kuwa mpo. Ndugu zetu wafugaji mliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wenu. Nesi Marselina, mwenye meza yake ya kupimia presha. Mgonjwa wetu wa mfano, Mzee Kashinje, uliyeketi hapo mbele kwenye benchi. Binti yake Nyanzala, ambaye ninamwomba aketi kwa sababu anamziba mpiga picha. Mabibi na mabwana, wote itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Nyanzala haketi. Anasema: "Mheshimiwa, shikamoo. Naomba unisainie kwanza ile karatasi ya baba. Treni ya Tabora inaondoka saa saba.")

Marahaba, binti yangu, marahaba. Nimekusikia, na serikali sikivu ni ile inayosikia, lakini hebu tuelewane kiutaratibu. Karatasi anayoisema huyu binti ni waranti ya safari ya mgonjwa, ambayo kwa mwongozo wa kamati yangu husainiwa na mimi na hakuna mwingine, na ninapenda kuwatoa hofu wananchi wote kwamba waranti hiyo ipo salama, ninayo hapa kwenye mfuko wa ndani wa koti, haijakunjika wala haijalowa jasho. Tutalifikia jambo hilo katika kipengele cha mengineyo.

Ndugu wananchi, kwa kuwa si kila mmoja wenu amebahatika kuhudhuria semina elekezi tatu na wokshopu mbili kama nilivyobahatika mimi, sina budi kueleza kwa ufupi kisukari ni nini. Kisukari ni hali mtambuka ambapo mwili, kwa kukosa kapasiti ya uendeshaji, unashindwa kusimamia rasilimali yake ya ndani, hivyo kusababisha upotevu kupitia mkojo; na figo, ambazo ni kama idara mbili za usafi zenye bajeti moja, zinapoona upotevu huo kwa miaka mingi huchoka, zikaacha kazi bila kutoa notisi, ndipo tunapopata kile wataalamu wanachokiita maradhi sugu ya figo, na ambacho sisi katika kamati tumekiita changamoto ya hatua ya pili. (Makofi kutoka meza kuu.) Nilipoisema sentensi hii pale Sumbawanga, ndugu zangu, watu walisimama.

(Nesi Marselina anainua mkono. Anasema: "Mheshimiwa, huyu mzee si wa kukaa juani. Miguu imevimba, uso umevimba, na mkojo tangu jana alfajiri haujafika hata kikombe. Daktari ameandika aende leo.")

Asante sana nesi, asante kwa mchango wako, na karani aingize kwamba wadau wameshirikishwa. Lakini nesi anazungumza kwa uchungu, mimi ninazungumza kwa takwimu, na uchungu haujawahi kujenga wilaya. Mzee Kashinje nilimpima mwenyewe kwenye mizani ya pamba tarehe moja ya mwezi uliopita, alikuwa kilo hamsini na nane. Wiki hii nimempima tena kwenye mizani ileile, ni kilo sitini na saba. Kilo tisa, ndugu wananchi, katika ukame huu, wakati ng'ombe wake mwenyewe mbavu zinahesabika! (Makofi machache.) Mtu anayenenepa hivyo anatuambia nini kuhusu mradi?

(Mzee Kashinje anasema kwa sauti ndogo: "Si mnofu huu, Mheshimiwa, ni maji. Nikilala chali nazama. Siku ya tano hii nalala nimekaa.")

Mnasikia, hata sauti imetulia. Asante mzee.

Sasa niingie kwenye mafanikio. Wakati ninakabidhiwa dhamana hii mwaka 1994, wilaya yetu ilikuwa inasafirisha wagonjwa kumi na wanne kwa mwaka kwenda kutibiwa nje ya wilaya, jambo lililokuwa linatutia aibu, maana kila treni ikipiga honi ilikuwa kana kwamba inatangaza kwamba Mpanda tumeshindwa. Mwaka 1995, kwa kutumia mkakati wangu, wagonjwa waliosafirishwa walikuwa watano. Mwaka huu wa 1996, hadi ninaposimama mbele yenu, wagonjwa waliosafirishwa ni sifuri. Sifuri! Pigeni makofi. (Makofi.) Watu kutoka mkoani wamekuja kuniuliza, Ponsian, umewezaje? Nimewajibu kwa unyenyekevu kwamba hakuna miujiza, ni nidhamu tu ya kazi: waranti zote kumi na moja zilizoletwa mezani kwangu tangu Januari, sijasaini hata moja.

(Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Na wa kwangu alikuwa mmoja katika hao! Tumemzika mwezi wa nne!")

Pole mama, na ninakushukuru kwa kunikumbusha takwimu ya pili. Daftari letu la wagonjwa lilikuwa na majina thelathini na moja. Kumi na mawili kati ya hayo yameshatoka kabisa kwenye daftari na hayatarajiwi kurudi, ambayo ni karibu asilimia thelathini na tisa, na niseme bila kificho kwamba hakuna kamati nyingine hapa magharibi iliyoweza kupunguza daftari kwa kasi hiyo. (Kilio nyuma. Wanaolia wanaombwa wasubiri.) Yamebaki majina kumi na tisa. Hao nao ninawaeleza sasa walipokwenda, na hapa ndipo penye utaalamu wenyewe.

Mtakumbuka kwamba tuliahidiwa vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo, vile vinavyobadilika rangi. Vijiti havikuja. Mtu asiye na vishoni, yaani maono, angekaa chini akalia. Mimi nilikumbuka yale tuliyokuwa tukiyaona wenyewe tangu utotoni, Mkonongo, Mbende, Mpimbwe na Msukuma, sote, kwamba mtu mwenye kisukari akijisaidia haja ndogo nyuma ya nyumba, sisimizi hujipanga kama wanafunzi mstarini. Nikaita kikao. Tukakaa siku mbili, tukala, tukaafikiana kuanzisha Kitengo Shirikishi cha Sisimizi, chenye makopo kumi na tisa ya mkojo yaliyopangwa nyuma ya ofisi ya kamati, kila kopo na jina la mgonjwa, na Bibi Lucia, mfagiaji wetu, tukampa cheo cha Afisa Mhesabu. Kopo lenye sisimizi, mgonjwa. Kopo lisilo na sisimizi, mzima. Hii ndiyo teknolojia stahiki, ndugu zangu, haili umeme na haihitaji spea. (Makofi.)

Wiki za kwanza matokeo hayakuridhisha. Sisimizi walikuwa wengi kupita kiasi, hata wakaanza kuingia ofisini na kupanda kwenye mafaili. Lakini mwezi Juni tukapata taarifa kwamba ugeni wa mkoa unakuja kukagua usafi, na mimi, kama mnavyonijua, katika usafi sina mchezo. Nikaagiza eneo lote la ofisi lifyekwe, lifagiwe, limwagwe majivu kuzunguka ukuta, na juu ya majivu yamwagwe mafuta ya taa lita ishirini. Ugeni ulisifu sana. Na sasa nisikilizeni kwa makini: tangu wiki hiyohiyo ya Juni, katika makopo yote kumi na tisa, hajaonekana sisimizi hata mmoja!

(Kicheko kikubwa. Mheshimiwa anasubiri kiishe.)

Ninafurahi kuona furaha yenu. Na mimi nilifurahi hivyohivyo. Bibi Lucia alinijia akasema, "Mheshimiwa, sio kwamba watu wamepona, wadudu ndio wamekimbia mafuta." Nikamwambia, Bibi Lucia, wewe ni Afisa Mhesabu, kazi yako ni kuhesabu, kazi ya kutafsiri ina mshahara wake. Kwa hiyo ninatamka rasmi, kwa mamlaka niliyonayo, kwamba kisukari katika eneo la mradi kimeshuka kwa asilimia mia moja, na wagonjwa wote kumi na tisa nimewaagiza waache sindano, waache masharti ya nesi ya chumvi kidogo na ugali wa kupimwa, na warudi kwenye shughuli za uzalishaji mali.

(Nesi Marselina anasema kwa sauti kubwa: "Mungu wangu! Nyie, asiache mtu sindano! Nyote mliokuwa kwenye daftari njooni mezani kwangu leo hii, msisubiri kesho!")

Nesi, nitakupa nafasi kwenye maswali. Niendelee.

Mtaniuliza, na swali ni la msingi, kama wote wamepona, Mzee Kashinje anafanya nini hapo mbele? Jibu ni jepesi. Uzinduzi bila mgonjwa ni harusi bila bibi harusi. Tulihitaji sura moja ya kuonyesha kwenye picha, na wajumbe kwa kauli moja wakampendekeza mzee huyu kwa sababu ana heshima, ana kanzu, na anatoka Kabungu, ambako ni karibu. Hivyo, kisayansi Mzee Kashinje ni mzima, ila kiutawala bado ni mgonjwa hadi saa kumi jioni ya leo. Na sasa, binti yangu Nyanzala, wewe uliyesimama muda wote huu hata miguu yangu inakuonea huruma, hebu nisaidie: mtu ambaye sisimizi wamethibitisha kwamba amepona, nikimsainia waranti aende Tabora, anakwenda kutibiwa nini? Na ile sifuri yangu niliyoitaja sasa hivi mbele ya mwakilishi wa mgeni rasmi, niiweke wapi?

(Nyanzala anasema: "Mheshimiwa, mimi nimemleta kwa baiskeli tangu usiku wa manane, nasukuma na mdogo wangu. Hajala siku mbili, akila anatapika. Sina maneno mengi. Ni jina lako tu hapo chini. Treni nyingine mpaka Jumamosi, na Jumamosi baba hatafika. Nakuomba kama mzazi.")

Maneno mazuri sana, na ya adabu. Wafugaji wetu wanalea. Katika kuthamini adabu hiyo, kamati imemwandalia baba yako zawadi, na ningeomba ziletwe mbele: galoni moja ya asali ya hapahapa kwetu, ambayo kila mtu anajua kwamba asali si sukari, ni dawa; na tita moja la migebuka ya chumvi kutoka Karema, yenye chumvi hasa, ile inayokaa mwaka. Mzee, chukua, ule, upate nguvu.

(Nesi Marselina anachukua galoni na tita la samaki kutoka kwenye miguu ya Mzee Kashinje, anaviweka mezani mbele ya Mheshimiwa. Anasema: "Ukimpa hivi unamuua kwa mkono wako mwenyewe." Wananchi wananung'unika.)

Karani, andika kwamba mgonjwa ameshukuru.

Sasa tumefika kwenye kilele cha shughuli. Najua kuna watu waliokuwa wanapita mitaani wakisema Ponsian ana maneno, vitendo hana. Leo macho yenu yatashuhudia. Nyuma yangu, chini ya kitambaa hiki cha bluu, ipo mashine ya kusafisha damu kwa niaba ya figo, mashine ambayo nchi nyingine zinaisikia redioni tu. Ninamwomba mwakilishi wa mgeni rasmi avute kitambaa. Moja, mbili, tatu!

(Kitambaa kinavutwa. Mzee Kashinje anatazama, kisha anasema: "Mwanangu, mbona hili ni kabati?")

Lina sura ya kabati, mzee wangu, sikukatalii. Kila chombo kikubwa lazima kianzie kwenye sura fulani. Hii ni awamu ya kwanza ya mradi, inayoitwa awamu ya umbo. Mninga mtupu, bila fundo, imepigwa msasa mara tatu na vanishi mara mbili. Milango miwili, kwa kuwa figo ni mbili. Droo ya chini kwa ajili ya uchafu. Na huu uso wa saa hapa juu ni kwa ajili ya saa, ikipatikana. Awamu ya pili itahusu mipira, awamu ya tatu itahusu maji safi, awamu ya nne umeme, na ya tano itahusu mtu anayejua kuitumia, ambaye mchakato wa kumtambua utaanza pindi bajeti itakaporuhusu. Mzee Kashinje, njoo usogee upigwe picha ukiwa umeshika mlango.

(Honi ya treni, ya kwanza. Mzee Kashinje anajaribu kusimama, anakaa, anaegemea bega la binti yake. Anapumua kwa shida. Nesi Marselina anapiga magoti na kumshika mkono.)

Msiwe na wasiwasi, ni furaha tu, hutokea kwa wazee. Ili kumchangamsha, tupige kaulimbiu yetu. Nikisema figo, nyie mnaitikia safi! Figo!

(Sauti nyingi: "Treni!")

Hamjaelewa, hebu turudie. Figo!

(Sauti zote: "Treni!")

Vizuri, ari ipo. Kisukari ziii! Kamati hoyee! Sisimizi... hapana, sisimizi tuwaache.

(Mtu mmoja anafika mbio kutoka upande wa stesheni, anapaza sauti: "Issa, mkuu wa stesheni, kasema mleteni hivyohivyo, bila karatasi! Kasema lawama atabeba yeye! Ila fanyeni haraka!" Wananchi wote wanasimama.)

Ah! Asanteni! Asanteni sana kwa kusimama! Ndugu zangu, tangu Sumbawanga sijasimamiwa na umati wa namna hii, na ninaipokea heshima hii kwa niaba ya kamati nzima. Maadamu mmesimama, niingie moja kwa moja kwenye shukrani.

(Vijana wanne wa Mwese wanamwomba mwakilishi wa mgeni rasmi ainuke, wanachukua kiti chake chenye mikono, wanamkalisha Mzee Kashinje, wanakiinua mabegani. Nyanzala anafika mbele ya meza kuu. Anasema: "Hiyo karatasi kaa nayo, Mheshimiwa. Ikukalishe salama." Wanaondoka. Nesi Marselina anaondoka nao. Wananchi wanawafuata.)

Ninamshukuru kwanza mwenye ghala hili, aliyetukopesha ukuta wake wa mbele ili uonekane kama kliniki kwenye picha, na ninamkumbusha Bibi Lucia afute maandishi ya chokaa kabla ya saa kumi, maana jioni wanaleta mizigo. Ninamshukuru fundi seremala Faustini kwa kutuazima mashine, na ninamhakikishia kwamba kesho alfajiri ataikuta bila mkwaruzo, kwa kuwa ninafahamu ni kabati la harusi ya binti wa watu wa Kabungu na wenyewe wameshaanza kuulizia. Ninawashukuru wajumbe wa kamati ndogo, ambao majina yao nitayatangaza nikishawateua. Kwa namna ya pekee ninawashukuru wafadhili wa mradi huu, kwa moyo wao wa huruma, kwa uvumilivu wao, na kwa imani yao kubwa kwetu, na ninaahidi kwamba wiki ijayo, utepe wa taipureta ukipatikana, tutawaandikia barua ya kuwajulisha kwamba mradi upo na kuwaomba waufadhili.

(Honi ya treni, ya pili, ndefu. Treni inaondoka. Kutoka upande wa stesheni zinasikika sauti za watu na vigelegele. Mbele ya meza kuu amebaki mwakilishi wa mgeni rasmi, amesimama.)

Wamempakia?

(Karani anajibu kwamba wamempakia, na kwamba nesi na binti yake wamepanda naye.)

Sikusaini, kwa hiyo kiutaratibu hakusafirishwa, ameondoka. Tofauti hiyo ni muhimu sana, Eustace, usije ukaichanganya kwenye ripoti. Ile sifuri ya safari ibaki palepale. Halafu fungua daftari la wagonjwa, ukurasa wa mwisho, ulipo na jina lake. Mpigie mstari kwa rula. Waliobaki wilayani?

(Karani anajibu: "Kwenye daftari hakuna, Mheshimiwa. Kwenye meza ya nesi, kule ubavuni mwa ghala, nimeona foleni ya watu kumi na wanane, wanamsubiri mwenyewe arudi.")

Foleni si daftari. Andika: wagonjwa, sifuri, lengo la mradi limefikiwa kabla ya mradi kuanza. Na chini yake uandike, asanteni kwa kunisikiliza.